Majumba ya Watu, Ukumbi Wetu

Mpango wa Lindsay Trewin ulikuwa mzuri wa kuigwa, isipokuwa kwa jambo moja dogo: ulihitaji watu watatu wa Kurrabin, mji mdogo wa wakulima wa ngano huko Australia, wakubali kwamba kitu fulani ni kizuri, tena kwa mdomo, tena mbele ya wenzao. Jambo hilo halijapata kutokea Kurrabin tangu ngano ya kwanza ipandwe. Hawa ni watu ambao mwenye nywele nyekundu kama moto humwita Buluu. Chakula kikiwa kitamu, husema hakijaua mtu. Mtoto wao akirudi na shahada ya udaktari, baba humuuliza kama sasa ataweza kuosha gari.

Lakini Lindsay hakuwa na njia nyingine. Jumatano kamati ya ukumbi ingekaa kupiga kura. Halmashauri ilikuwa imeahidi kuwajengea ukumbi mpya wa chuma, wenye kiyoyozi na vyoo visivyo na vyura, kwa sharti kwamba ule wa zamani, wa mbao na mabati, uliojengwa na wanajeshi waliorudi kutoka vita vile vya kwanza vya dunia, uvunjwe. Wanakamati walikuwa watano. Lindsay alipinga. Maxine Kupsch mwenye baa, Neville Schirmer mkulima, na huyo Buluu dereva wa lori la nafaka, wote waliunga mkono. Wa tano alikuwa mchungaji, mgeni wa mwaka jana, mtu mpole ambaye mkono wake hupanda ukiona mikono mingine imepanda.

Lindsay alikuwa fundi bomba wa miaka hamsini na saba. Shule aliiacha mapema, na shule haikumlilia. Maneno matamu hakuwa nayo. Mvua ikinyesha, yeye ndiye aliyepanda juu ya ukumbi na kuziba matundu, bila kuombwa na bila kushukuriwa, na mabati yale aliyajua kama ulimi unavyoyajua meno. Wazo kwamba buldoza la halmashauri lingekuja asubuhi moja, liusukume ukumbi hadi chini, kisha dereva aende kunywa chai, lilimnyima usingizi. Angewaambia nini wenzake? Kwamba anaupenda? Heri afe.

Basi akaona awapeleke Melbourne. Hawa si wabaya, alijiambia, ila hawajaona. Wakiyaona majumba ya zamani yanavyotunzwa, watu wakipanga foleni kuyatazama, macho yatafunguka yenyewe. Akawaambia ni matembezi ya Jumamosi tu.

"Makumbusho?" Maxine aliuliza. "Kwenda mbali kote huko kutazama vitu vizee, vimekauka na havisemi kitu? Nina Neville hapa kaunta kila jioni."

"Na hulipi kiingilio," alisema Neville.

Wakaenda hata hivyo, kwa kuwa kukataa safari kungeonekana kama wana kazi.

Kituo cha kwanza kilikuwa lile jumba kubwa la maonyesho lenye kuba, katikati ya bustani. Lindsay akawasimamisha mbele ya bwawa la chemchemi ili waione sura yake yote. Alikuwa amejiandaa usiku kucha.

"Lina zaidi ya miaka mia na arobaini hilo," alisema. "Tazameni kuba. Hakuna aliyesema livunjwe kwa sababu ni la zamani."

Wakatazama. Njiwa mmoja akapita.

"Linavuja?" Buluu aliuliza.

"Halivuji."

"Basi halihusiani na lolote ninalolijua."

"Mimi nataka kujua nani anafuta vumbi kule juu," alisema Maxine. "Mtu akijenga kitu kama kile, ujue hajawahi kushika ufagio maishani mwake."

Neville alikuwa anaitazama bustani, na mwishowe akasema kwamba udongo ni mzuri, ni hasara kuupandia maua.

Katika makumbusho yaliyo nyuma yake mambo yalikwenda vizuri zaidi, kwa kosa. Lindsay alitaka kuwapitisha kwenye samani na milango iliyookolewa kutoka nyumba za zamani. Wenzake walimwona farasi. Yule bingwa wa mbio wa zamani, aliyekufa kabla baba zao hawajaoa, amekaushwa na kusimamishwa ndani ya kioo, ngozi yake inang'aa kama aliyetoka kuoga. Buluu akavua kofia. Maxine akanyamaza muda mrefu kuliko alivyonyamaza kwenye ndoa zake zote mbili. Wakakaa pale hadi watoto wa shule wakaanza kuwasukuma.

"Mnaona?" Lindsay alidakia. "Kitu cha zamani, kimetunzwa, watu wanakuja kukiona. Sasa ukumbi wetu, kwa mfano…"

"Ukumbi wetu umeshinda mbio ngapi?" aliuliza Neville.

Wakanywa kahawa katika uchochoro ambao mtu wa kawaida angeuogopa, na watu wa mji ule huupenda kwa sababu hiyo hiyo. Kahawa ililetwa ikiwa na jani lililochorwa kwa maziwa juu yake. Buluu alilikoroga jani lile akiangaliana na mhudumu macho kwa macho. Kisha wakaingia jumba la sanaa, lile ambalo mlangoni lina ukuta wa kioo, maji yanateremka juu yake mchana kutwa na watoto wanayachezea kwa vidole. Hapo Lindsay alijisahau. Kama fundi bomba aliona kazi, na akasema kwa dhati kwamba inapendeza.

"Kule kwetu maji yakiteremka ukutani namna hiyo," Maxine alisema, "tunakupigia simu wewe."

Ndani walikuta chumba kizima kina rundo la kamba kuukuu na ndoo iliyopasuka, vimewekewa taa. Neville alilizunguka rundo lile pande zote, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Ninalo kama hili nyuma ya ghala," alisema. "La kwangu kubwa kidogo."

"Hii ni kazi ya sanaa, Nev."

"Na la kwangu lina nyoka."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Lindsay kutwa nzima alikuwa anautembeza ukumbi wake. Akiona dari, alitaja dari yao. Akiona nguzo, alikumbusha kwamba nguzo zao ni za mti ule ule. Mbele ya dirisha la vioo vya rangi alisema kwamba hata ule ukumbi, jua likipita kwenye tundu la risasi juu ya jukwaa, una mwanga wake. Alipofika hapo Maxine akaketi kwenye benchi, akavua kiatu, akaanza kukanda mguu.

"Lindsay. Hebu njoo hapa mbele yangu. Umetuburuta huku kwa ajili ya lile banda, siyo?"

Lindsay akatazama dari.

"Jibu, mwanaume. Ni lile banda?"

"Si banda."

"Aaa!" Buluu alipiga kelele hadi mlinzi akageuka. "Si niliwaambia! Nilisema huyu hawezi kununua tiketi za treni bila ugonjwa!"

"Nilidhani ni saratani," alisema Neville. "Nimekuwa mpole kwako tangu asubuhi bure kabisa."

"Sikilizeni, jamani…"

"Wewe sikiliza," alisema Maxine, na safari hii hakuwa anatania. "Siku ya mazishi ya mama yake Nev, humo ndani palikuwa tanuri. Bibi wawili walizimia. Mmoja nilimmwagia ndoo ya barafu ya bia. Unataka tuzike watu na kuongeza wengine humo humo? Kiyoyozi, Lindsay. Nataka kiyoyozi kabla sijafa, na si baada."

"Kiyoyozi kinaweza kufungwa."

"Kwenye mabati yenye matundu? Tutapoza uwanja wa mpira."

"Jumatano nauvunja," alisema Neville taratibu. "Nitaleta trekta langu mwenyewe, nisaidie."

Matumaini yote ya Lindsay yalibaki kwenye kitu kimoja, nacho alikuwa amekilipia kabla: matembezi ya majengo, yenye mwongozaji aliyesomea. Wao hawakumsikiliza fundi bomba. Labda wangemsikiliza mtu mwenye shahada. Ungedhani hakuzaliwa Kurrabin.

Mwongozaji aliitwa Saskia. Alivaa nguo nyeusi kuanzia shingoni hadi viatuni, kama wanavyovaa watu wa mji ule hata kwenye arusi, na alikuwa binti mchangamfu asiye na baya na mtu. Aliwapitisha wao pamoja na mume na mke kutoka Perth kwenye benki za zamani zenye nguzo, kwenye njia ya maduka iliyoezekwa vioo, kwenye jengo refu la matofali ambalo, alisema, lilibadilisha namna taifa linavyofikiri kuhusu ngazi.

"Mimi hufikiri kuhusu ngazi nikishuka nimelewa," alinong'ona Buluu.

Saskia alicheka, na Lindsay akaona hapa ndipo. Binti aliposimama kuwapa nafasi ya kuuliza maswali, Lindsay alitoa simu, akafuta kioo kwa shati, akamwonyesha picha. Ilikuwa picha nzuri. Alikuwa ameipiga jua likichomoza, kwa pembe ambayo haionyeshi choo.

"Samahani, dada," alisema. "Huu ni ukumbi wetu. Umekaribia miaka mia. Wewe kama mtaalamu, waambie hawa wenzangu. Unaonaje?"

Saskia aliishika simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Jamani, kanapendeza!" alisema. "Kadogo kweli!"

Maxine akainua kichwa.

"Nikuambie ukweli lakini? Naona umeniuliza kwa moyo, sitaki kukudanganya. Vijengo kama hivi viko mamia nchini, na hiki kwa upande wa usanifu hakina umuhimu wowote. Paa limetiwa viraka vingi mno. Mlango hauko hata katikati, unaona? Hawa hawakuwa na fundi, walikuwa wanabahatisha. Ushauri wangu, pigeni picha za kumbukumbu, halafu kavunjeni tu. Hamtapoteza kitu."

Alimrudishia simu kwa tabasamu la huruma. Lindsay akaipokea. Hapo alijua kwamba amekwisha, na kwamba amelipia tiketi ya kuja kumalizwa. Alisubiri kicheko cha wenzake.

Kicheko hakikuja.

"Mlango hauko katikati," alisema Buluu polepole, "kwa sababu katikati palikuwa na kisiki."

"Samahani?"

"Kisiki, mama. Cha mti. Waliking'oa kwa farasi, hakikutoka. Wakakiwekea baruti mara mbili, kikaondoka kidirisha cha posta ng'ambo ya barabara, kisiki kikabaki. Ndipo wakasogeza mlango. Kipo hadi leo chini ya sakafu. Wewe ungefanyaje? Ungekiandikia barua?"

Mume na mke wa Perth wakasogea karibu wasikose neno.

"Na hiyo sakafu," Maxine alidakia, akivaa kiatu chake sawasawa kama mtu anayejiandaa kupigana, "unajua iling'arishwa na nini? Na makalio yangu. Kila Ijumaa ya dansi walimwaga nta ya mishumaa na vumbi la mbao, wakatukalisha sisi watoto juu ya gunia la ngano, wanaume wakatuburuta huku na huku hadi mbao zikawa kioo. Makalio yangu, ya huyu Buluu, ya huyu hapa, ya mji mzima. Nimetembea leo tangu asubuhi, binti, na sijaona sakafu kama ile katika majumba yenu yote. Hata kwenye lile lenye kuba."

"Sikukusudia…"

"'Kanapendeza,'" alisema Maxine. "Kanapendeza ni kapaka."

Neville alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Mama yangu alitokea mlango ule siku ya arusi yake," alisema. "Kanisa lilikuwa dogo. Mwaka jana akatokea hapo hapo amebebwa. Hakulalamika kwamba hauko katikati."

Binti wa watu akawa mwekundu. Akamwelekea Lindsay.

"Lakini huyu bwana si ndiye aliyeniuliza?" alisema, na kwa haki yake alikuwa amesema kweli tupu.

"Huyu ni fundi bomba," alisema Buluu. "Usimsikilize."

Wakaondoka kabla matembezi hayajaisha, wakiwaacha wale wa Perth na jengo lao la ngazi. Waliingia baa ya kwanza waliyoiona. Maxine akakagua kaunta kwa kidole, akaona vumbi, akapata nafuu. Walipokwisha kunywa nusu, hasira ilikuwa imegeuka furaha. Kila mmoja alirudia aliyoyasema, akiyaongezea. Kisiki kilikuwa kimewekewa baruti mara tano sasa.

Lindsay alikaa pembeni akihema kama aliyeokolewa mtoni. Walikuwa wanaupenda! Kutwa nzima amehangaika na kuba na nguzo, kumbe walikuwa wanaupenda! Akafungua mdomo awaambie hivyo.

"Kwa hiyo ukumbi…" alianza.

Papo hapo akaona nyuso zikifungwa, moja baada ya nyingine, kama maduka ya Kurrabin saa sita Jumamosi.

"Usianze," alisema Maxine. "Yule mtoto hana adabu, hilo ni moja. Joto ni joto, hilo ni la pili."

"Kura ni Jumatano," alisema Neville, akitazama bia yake. "Na trekta nimeshatia mafuta."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lindsay aliujua msemo huo tangu utotoni, ila siku zote alidhani unahusu wagema. Sasa alimtazama Maxine, akamtazama Neville, akaona alivyokuwa mpumbavu kutwa nzima. Kila alipousifu ukumbi alikuwa ameukongoa msumari mmoja. Kuna mtu mmoja tu aliyeutetea leo bila hata kujua, naye ni yule aliyesema uvunjwe.

Alimeza bia. Lililofuata lilimwuma kuliko jino.

"Yule dada kasema kweli," alisema.

"Nini?"

"Kasema kweli. Nimeutazama kwa macho yake. Ni kijengo. Waliobahatisha walibahatisha vibaya. Wala sioni kwa nini tungoje trekta la Nev. Mimi nitauvunja kwa mikono yangu. Jumatano napiga kura nanyi."

Buluu alisogeza kiti chake nyuma.

"Hee," alisema Buluu. "Babu yako alipiga misumari pale."

"Babu alikuwa anabahatisha."

"Lindsay!" Maxine aliweka glasi chini. "Mtoto wa juzi mwenye suruali nyeusi anakuambia maneno mawili, unageuka? Una uti wa mgongo au una bomba la plastiki?"

"Mimi nasema tu mlilokuwa mnasema ninyi."

"Sisi tunasema," alisema Neville. "Wewe hukutakiwa kusema."

Jumatano kamati ilikaa humo humo ukumbini, kwenye meza iliyowekewa kipande cha kadi chini ya mguu mmoja. Lindsay alikuwa hajala tangu asubuhi. Maxine, mwenyekiti, akauliza nani anataka ukumbi uvunjwe, na Lindsay akainua mkono wake, peke yake, akauacha hewani.

Mchungaji akauona mkono. Wake ukaanza kupanda.

Kwa muda ule Lindsay aliyaona yote: mikono mitano, buldoza, dereva anakunywa chai. Neville alikuwa anajikuna shingo, mkono uko nusu ya njia, na hakuna aliyeweza kusema kama unapanda au unashuka. Ulishuka. Mchungaji akazitazama nyuso tatu zilizokuwa zinamtazama, na mkono wake ukaishia sikioni, akalikuna kwa bidii.

"Mmoja," alisema Maxine. "Aibu kwako, Lindsay Trewin. Ukumbi unabaki. Kiyoyozi kitafungwa, na utakifunga wewe. Na kabla ya hapo utapanda juu ubadilishe mabati yote upande wa magharibi, labda utajifunza heshima."

"Mnanionea," alisema Lindsay, na ilibidi ainame kufunga kamba za viatu, maana uso ulikuwa unataka kumsaliti.

Jumamosi iliyofuata alikuwa juu ya paa, misumari mdomoni. Chini, nusu ya mji ilikuwa imekuja kumwelekeza. Buluu alishika ngazi kwa mkono mmoja na pai ya nyama kwa mwingine, akimweleza kila apitaye ni nani aliyetaka ukumbi uvunjwe na ni nani waliouokoa. Mara akafika Bi Elfrieda Noske, mwenye miaka themanini na kitu, mmoja wa wale wawili waliozimia siku ya mazishi. Akagonga mabati ya ukutani kwa fimbo yake.

"Lindsay! Eti ni kweli? Wewe ndiye uliyetaka kuuvunja?"

Lindsay alitema misumari mkononi. Alimtazama Buluu anayetafuna, na Maxine aliyesimama mlangoni, mikono kiunoni, kama aliyeujenga yeye.

"Ni kweli, mama," alisema.

"Babako angekuchapa!"

"Angenichapa, mama."

"Mimi nilidhani wewe hasa ndiye unayeupenda."

"Huu?" alisema Lindsay. "Hapana, mama."

Bi kizee akatikisa kichwa, akawageukia waliokuwa karibu, akasema kwamba watoto wa siku hizi hawana mapenzi na kitu chochote. Kisha akavutiwa kiti hadi kivulini ili amsimamie vizuri.

"Na hapo kushoto," alipaza sauti, "umeruka msumari."